Bembea ya Blackpool tuliyopanda utotoni, na mtu aliyeiunda

Mtoto wa Kibokoni (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu, anayetaka kuusoma akae mkao wa kula.

Nataka kuzungumzia bembea moja iliyoko ufukweni Blackpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Ilianza kuzunguka mwaka 1904 na imeshapita miaka mia ikipakia watu. Mimi nimekua nayo. Wazee wangu walitoka Mombasa wakahamia Bolton, mji wa viwanda vya nguo, na kwa watu wa miji ile ukisema unaenda baharini hakuna atakayekuuliza bahari ipi. Ni Blackpool tu.

Kwa asiyepajua: ni mji wa pwani uliokuzwa na wafanyakazi wa viwandani. Kila mji ulikuwa na wiki yake ya kiangazi ya kufunga mitambo, na watu wake wakapanda treni wote kwenda kupunga upepo. Pana mnara wa chuma wa mwaka 1894, urefu wake mita 158. Pana gati tatu za kutembea watu, zimeingia baharini. Pana tramu za umeme tangu 1885. Lakini bahari yenyewe si kama yetu. Maji ni ya rangi ya udongo, baridi hata mwezi wa saba, na yakitoka yanakwenda mbali hata uone mchanga mtupu. Babangu, aliyekuwa akipiga mbizi chini ya Fort Jesus tangu kijana, hakuwahi kutia mguu mle. Alisema ile si bahari ya kuogea, ni ya kutazama. Mamangu alikuwa akikaa kwenye kibao cha ukutani, kashika buibui kwa mkono mmoja upepo usilichukue, na mkono wa pili kashika viatu vyetu.

Kilichotupeleka ni viwanja vya bembea vilivyo upande wa kusini wa mji. Na humo ndani, pamoja na mabembea yote makubwa ya kutisha, mimi nilikuwa na moja tu.

Ni nguzo kubwa katikati. Juu ya nguzo imetoka mikono kumi, mirefu. Kila mkono umeshusha kamba za waya, na kamba zimebeba chombo cha kukaa watu. Zama zetu vyombo vilikuwa vya umbo la roketi, vimechongoka mbele na nyuma, na sisi watoto tukiita "maroketi" basi. Unaingia, unakaa, unafungiwa. Chombo kinaning'inia karibu na jukwaa na hakuna la ajabu.

Kisha nguzo inaanza kugeuka. Polepole sana, kiasi cha kudhani imeharibika. Nakumbuka nikitazama pale waya unapoingia kwenye pete, juu ya kichwa changu: grisi imekauka nyeusi, na waya ukianza kukaza unatoa mlio mwembamba, halafu unanyamaza. Ukishanyamaza ndio umeondoka. Roketi inavutwa nje, inalala ubavu, jukwaa linakimbia chini yako, na upande wa nje huna kitu ila hewa. Hakuna reli chini. Hakuna chuma kinachokushikilia kwa chini. Ni wewe na zile kamba. Ukizunguka upande mmoja unaona paa za mji, upande wa pili unaona bahari ile ya udongo imeinama, maana wewe ndiye uliyeinama.

Haikurushi, haikutishi, haikupigi mitikisiko. Inakupaisha. Mabembea mengine yote nilipiga kelele. Kwenye hii nilikuwa nikikaa kimya kwa raha.

Jambo moja lilinikaa rohoni. Babangu alikuwa mtu wa kifua, mzito hasa. Mimi mwembamba. Tulipanda pamoja, na roketi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa tupu, haina mtu. Nikaona imelala kama tulivyolala sisi, sawasawa. Nilitarajia sisi tulio wazito tubaki chini, ile tupu iruke juu. Nikamwuliza. Babangu alikuwa fundi wa mashine kiwandani, akafurahi mno kuulizwa. Akanijibu: "Uzito hauna kauli hapa, mwanangu. Mwenye kauli ni mwendo."

Nitaendelea na habari ya aliyeiunda, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Bi Shangani

Umenikumbusha mbali, ndugu yangu. Sisi Unguja bembea zilikuwa za sikukuu, Mnazi Mmoja. Za mbao, na wanaozisukuma ni vijana kwa mikono yao, jasho linawatoka. Ukishapata mkono wa Idi kwa wazee ndio unajua utapanda mara ngapi. Leo watoto wetu wana viwanja vya Kariakoo, na Pemba kuna Tibirinzi pale Chake, bembea zao za umeme.

Endelea, tunasubiri. Nani huyo aliyeiunda?

Fundi Mitambo

Babako alisema kweli, na niseme kwa faida ya wengine. Chombo kinachozungushwa kinavutwa chini na uzito wake, na kinataka kukimbilia nje kwa sababu ya mwendo. Ukiongeza watu ndani, vyote viwili vinaongezeka kwa kiwango kimoja, kwa hiyo ulalo haubadiliki. Ni kama ndoo ya maji unayoizungusha kwa mkono: iwe imejaa au nusu, haimwagiki ukiizungusha kwa kasi ileile. Ukitaka ilale zaidi, ongeza mwendo.

Mtoto wa Kibokoni

Ahsante sana Fundi, babangu angekupenda.

Sasa sikilizeni. Jina la aliyeiunda limo ndani ya jina la bembea yenyewe, limeandikwa pale kila mtu anaona: Sir Hiram Maxim. Sisi watoto hatukulisoma. Wazee walilisoma wasilitie maanani. Aliyelisoma ni ami yangu, alipokuja kututembelea kutoka Tanga, mtu mzima anayependa historia. Tukampeleka Blackpool kwa furaha zote. Akasimama mbele ya bembea, akasoma, akamgeukia babangu: "Maxim huyu, ndiye wa bombomu, ile bunduki ya mashine?"

Babangu hakujua. Nikaja kufuatilia nilipokuwa mkubwa. Ndiye.

Hiram Maxim alizaliwa 1840 Sangerville, jimbo la Maine, Marekani. Alikuwa fundi wa kila kitu: taa za umeme, mashine za gesi, pampu. Akahamia London, na mwaka 1884, katika karakana yake ya Hatton Garden, akaunda bunduki inayojilisha yenyewe. Kila bunduki inapopiga inakurudisha nyuma, inakupiga bega. Yeye aliichukua nguvu ile ya kurudi nyuma akaifanyisha kazi: itoe ganda, iingize risasi mpya, ipige tena, ilimradi kidole hakijaachia. Risasi kama 600 kwa dakika. Mtutu umezungushiwa maji usiyeyuke kwa joto. Kabla yake zilikuwepo bunduki za kuzungusha mkono. Hii ilikuwa ya kwanza kujiendesha kabisa. Kazi ya kuijaribu ilimharibu masikio, akawa kiziwi uzeeni.

Utajiri wa bunduki akauingiza kwenye ndoto ya kuruka. Tarehe 31 Julai 1894, mashamba ya Baldwyn's Park huko Bexley, alipanda na wenzake wawili kwenye chombo kikubwa chenye injini mbili za mvuke na mabawa ya zaidi ya mita 30. Kilikuwa kikikimbia juu ya reli, na pembeni aliweka mbao za kukizuia kisipae, maana alitaka kupima nguvu tu. Kikanyanyuka kwa nguvu hata kikavunja zile mbao. Akafunga mvuke, kikaanguka kikaharibika. Hiyo ni miaka tisa kabla ya ndugu wawili Wright kuruka Marekani.

Pesa zilimkaukia, na watu hawakumwamini tena. Ndipo akaja na bembea. Hesabu yake ilikuwa mbili kwa moja: apate fedha za majaribio, na watu wa kawaida waonje jinsi mtu anavyojihisi akiwa hewani, wapende habari ya kuruka. Mwaka 1904 akaweka moja London, kwenye maonyesho ya Earl's Court, nyingine Crystal Palace, na nyingine pwani za kaskazini: Southport, New Brighton na Blackpool. Hii ya Blackpool ndiyo iliyobaki mahali pake.

Na kuna jambo linaniuma kwa niaba ya bembea yenyewe. Maxim alitaka kila chombo kiwe na mabawa ambayo abiria anayaongoza mwenyewe, apande au ashuke huku akizungushwa. Wakubwa wakaona hatari, wakakataza. Mabawa yakaondolewa. Akavunjika moyo, akaiona imekuwa bembea ya kuzunguka kama zingine. Hebu fikirini mtoto wa mfuma nguo wa Lancashire, mwaka 1904, akiongoza bawa juu ya bahari, wakati watu waliowahi kuruka kwa ndege yenye injini duniani ungeweza kuwahesabu kwa vidole.

Fundi Mitambo

Hapo lile neno la babako lingebadilika. Bawa likiingia, si mwendo peke yake tena. Linakamata hewa na kuleta nguvu ya kunyanyua, na nguvu hiyo haiongezeki kwa sababu mmepanda wazito. Roketi tupu ingepanda juu kuliko yenu, na kila moja ingekuwa na ulalo wake. Mikono kumi, vyombo kumi, kila abiria na maamuzi yake. Mimi ningependa kuijaribu, lakini naelewa kwa nini walikataza.

Bi Shangani

Subhanallah. Basi huyo mtu mmoja ndiye wa vyote viwili? Na hiyo Maxim ndiyo iliyobomoa jumba la mfalme hapa 1896, ile vita iliyokwisha kabla saa haijatimia?

Mtoto wa Kibokoni

La, bibi. Siku ile, 27 Agosti 1896, kazi kubwa ilifanywa na mizinga ya meli za Kiingereza bandarini.

Lakini Unguja inaingia kwenye habari hii mapema zaidi, na nilipoisoma ndipo nilipofunga kitabu nikatoka nje. Mwaka 1887 Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alikuwa anaandaa safari ya kumfuata Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudani. Maxim akampa bunduki yake moja kama zawadi. Februari mwaka huo Stanley akapita Unguja, akachukua wapagazi zaidi ya 600, akamchukua na Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa, meli ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa mto Kongo. Kutoka hapo wakapanda mto, pengine kwa miguu, pengine kwa meli za mvuke, kisha ni miguu kupita msitu wa Ituri. Bunduki ikifunguliwa vipande vipande, na vipande vikibebwa na watu. Watu wenyewe ni Waswahili wetu, wa Ng'ambo na Malindi na mashamba. Wengi sana hawakurudi. Waliuawa na njaa, maradhi na mishale. Waliobaki walitokea Bagamoyo Desemba 1889.

Bunduki ileile, ikiwa imeshachakaa, ikaangukia mikononi mwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na Lugard, afisa wake, akaenda nayo Buganda. Tarehe 24 Januari 1892 ikapiga kutoka kilima cha Kampala katika vita vya Mengo, na siku chache baadaye ikapiga tena kwenye kisiwa cha Bulingugwe, walikokimbilia Kabaka Mwanga na watu wake.

Kwa hiyo mikono iliyoning'iniza roketi yangu ndiyo iliyotuma mzigo ule juu ya vichwa vya watu wa lugha yangu. Mimi nilikuwa nikipanda na kushuka, nikila chipsi za siki, sijui.

Mngoni wa Peramiho

Mkuu, nimekuwa nasoma kimyakimya ila hapa lazima nichangie. Mimi ni wa Songea. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika pale kwenye Makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka wazee walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Ukisema bombomu kwetu, wazee wanajua unachosema.

Vita ilianza Umatumbi, Julai 1905, na Kinjikitile wa Ngarambe, mganga wa dawa ya maji, alishanyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti. Lakini maji yalikuwa yameshasambaa. Tarehe 30 Agosti watu kwa maelfu wakaishambulia boma ya Mahenge mchana kweupe, wamejipaka dawa, wanaamini risasi itageuka maji. Bomani kulikuwa na bunduki mbili za mashine, za ufundi huohuo wa Maxim. Hao watu hawakuwa wajinga, na inanikera wanavyosimuliwa kama wajinga. Walikuwa wanajua bunduki; gobori walikuwa nalo na wao. Gobori unapiga, unajaza baruti, mwenzako anapata nafasi ya kukukimbilia. Mashine isiyopumua hawakuwa wameiona.

Agosti 1905. Wewe unasema bembea ilianza 1904. Nimekaa nazihesabu hizo tarehe.

Ila niongeze jambo, kwa sababu bibi yangu alilisisitiza kila aliposimulia. Kilichotumaliza si bombomu. Ni njaa. Wajerumani walichoma maghala na mashamba makusudi, wakachukua chakula, watu wakala mizizi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 yanafika 300,000, na wengi wao hawakuona bunduki yoyote. Kwa hiyo usimbebeshe Maxim peke yake. Kuna mtu aliyetoa amri ya kiberiti.

Mtoto wa Kibokoni

Mkuu, nimesoma ujumbe wako nikausoma tena. Nakushukuru kwa moyo wote. Hilo la gobori sikuwa nimelifikiria, na limebadilisha ninavyoiona Mahenge.

Na ni kweli, simbebeshi peke yake. Maxim mwenyewe si mtu rahisi kumweka kwenye fungu moja. Uzeeni alisumbuliwa na kifua, akajiundia kifaa cha glasi cha kuvuta mvuke wa dawa, akakiuza kwa wagonjwa wengine. Marafiki zake wakamlaumu, wakaona amejishusha kama mganga wa mtaani. Aliandika kwa uchungu kwamba kuunda mashine ya kuua kulimpa heshima, na kuunda kitu cha kumpunguzia mtu mateso kukamwaibisha. Sina hakika kama aliwahi kuyaweka hayo mawili mbele yake na kuyatazama kweli. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1901, na si kwa sababu ya kifaa cha kifua. Akafa Novemba 1916, katikati ya vita ambavyo bunduki yake ilikuwa ikiwaua Wazungu kwa Wazungu, pande zote mbili.

Msimamo wangu ni huu, na mwenye wake atoe. Ile raha ya utotoni siifuti. Nilikuwa hewani na babangu, amenishika bega, na hakuna mtu anayeweza kunirudishia siku zile ila bembea ile. Wanangu nimewapandisha. Lakini niliwapandisha kwanza, wakashuka wakicheka, kisha tukakaa kwenye kibao alichokuwa akikaa mamangu, au kilichowekwa mahali pake, nikawasimulia: Unguja, Ituri, Mengo, Mahenge. Mkubwa aliniuliza kama wale wapagazi walijua wamebeba nini. Nikamwambia walijua ni bunduki, maana Stanley aliwaonyesha inavyopiga. Akauliza tena kwa nini basi hawakuitupa mtoni. Nikamweleza mshahara, mjeledi, msitu, na umbali wa kurudi nyumbani. Ana miaka kumi na mmoja, na sijui mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Bi Shangani

Mtoto kauliza swali zito. Mola amkuze.

Na mimi nataka kujua: mtu akija huko na wajukuu, inafaa kwa watoto wadogo? Binti yangu yuko Manchester.

Mtoto wa Kibokoni

Inafaa sana, bibi. Kutoka Manchester ni treni, na kuna kituo kidogo mlangoni kabisa mwa viwanja, kinaitwa Blackpool Pleasure Beach. Aangalie kwanza siku za kufungua, maana wakati wa baridi hufungwa, na siku ya upepo mkali asitegemee sana kupanda. Watoto wabebe sweta hata kama jua linawaka. Na wakipanda, mtu mzima akae nao; ule mwanzo wa polepole huwa unawatia wasiwasi wadogo kuliko mwendo wenyewe. Aende na Septemba kama anaweza, jioni mji wote wa ufukweni huwashwa taa, desturi inayohesabiwa kuanzia taa za 1879.

Mngoni, una bibi aliyesimulia. Mimi nina vitabu tu. Nakuomba uyaandike hayo ya njaa kwa urefu, kama alivyoyasema yeye, na majina ya vijiji na ya mizizi waliyokula. Usiyafupishe. Nikiruhusiwa na wewe, nitawasomea wanangu. Nafasi hii hapa chini ni yako.

Mngoni wa Peramiho

Nipe mpaka Jumapili. Shangazi yangu bado yupo na anakumbuka kuliko mimi. Nitakwenda kukaa naye kwanza.